Nilizima Simu Ili Tuombe Dua

BARUA

Bi Mshauri, assalaam alaykum.

Naandika usiku, watoto wamelala, na barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa Mombasa. Kwa miaka kumi nilisomesha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na unajua mwenyewe, mwalimu wa dini ndiye anayebandikwa kazi ya ushauri nasaha. Binti akipata mimba, mvulana akishikwa na bangi, "mpelekeni kwa madamu." Nilichoka kushauri kwa kubahatisha, ndipo nikaingia chuo kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri, masomo ya jioni na Jumamosi. Sasa niko mwaka wa pili. Nafanya mafunzo ya vitendo katika kituo kimoja cha ushauri, na kila wiki naketi na msimamizi wangu tusikilize vikao nilivyorekodi kwa simu. Wateja wenyewe wametia saini kukubali kurekodiwa.

Siku ya kwanza msimamizi alituambia wanafunzi wote: "Humu ndani hakuna shehe wala pasta. Dini yako iache mlangoni pamoja na viatu." Tulicheka. Mimi nilicheka huku najishika ushungi, najiuliza kama nao ni wa kuachwa mlangoni. Chuoni kwenyewe somo la imani katika ushauri ni moja tu, tena la hiari, na muhula wetu lilifutwa kwa sababu tulijiandikisha watu wanne.

Nina mteja ambaye nimembadilisha mambo machache asije akatambulika. Ni mama Mkristo, jioni hukaanga samaki kando ya barabara. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 21, alikuwa dereva wa bodaboda, akafa kwa ajali. Helmeti yake, ambayo siku ile hakuivaa, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila usiku mama akitaka kutia komeo lazima aiondoe, na kila asubuhi huirudisha palepale. Kanisani wamemwambia asilie kama watu wasio na tumaini. Ndiyo sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuja kwetu.

Kikao cha nne alianza kunisimulia asubuhi ile. "Nilikuwa nachemsha chai. Nikageuka, nikaiona helmeti pale msumarini, na pikipiki nishaisikia inawaka nje…" Akanyamaza. Mikono ikaanza kumtetemeka. Nami nikakaa kimya, kama tulivyofundishwa. Kimya kikawa kirefu mno. Kisha akaniinulia macho: "Mwalimu, mimi Mkristo, wewe Muislamu, lakini Mungu si mmoja? Niombee."

Nikanyosha mkono nikazima simu. Ilikuwa dakika ya 31. Naijua kwa sababu rekodi ile inakatika hapo, sauti ya mwisho ni ya feni. Nikafungua viganja, nikasoma Fatiha kimoyomoyo, kisha nikaomba kwa Kiswahili: Mola amfariji, ampe subira, ampokee mwanawe. Akaitikia "Amina," akajifuta uso kwa leso, akasema amesikia mzigo umemtoka.

Tangu hapo tumekutana mara tatu. Akiketi tu husema, "Tuanze na ile yetu." Naomba kwanza, ndipo nabonyeza kurekodi. Usingizi umemrudia, na kazini amerudi. Lakini nikimuuliza juu ya mwanawe hunijibu, "Nishamwachia Mungu," na mazungumzo yanageukia bei ya mafuta na ada ya binti yake. Helmeti hajaitaja tena. Sijui kama amepona au amefunga mlango.

Baada ya wiki tatu natakiwa kuwasilisha ripoti ya mteja huyu, na msimamizi atie saini saa zangu. Mume wangu anasema dua si dhambi, ninyamaze nimalize shahada. Mwenzangu darasani, mlokole, anasema yeye huomba na wateja wake wote na haandiki popote. Marehemu baba yangu alikuwa maalimu wa madrasa, na najua angeniuliza: dua ya kufichwa ni dua gani hiyo?

Nikisema, naogopa saa zangu kufutwa. Nikinyamaza, naandika ripoti ya uongo. Je, nilikosea kuomba? Nifanyeje?

Ushungi Mlangoni, Mombasa

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa kuwa kitinda mimba wangu ni rika lako, na kwa kuwa nami niliwahi kukalia kiti hicho cha mwanafunzi, kinasa sauti cha kaseti mezani, nikiomba betri ziishe kabla msimamizi hajasikia nilivyobabaika. Mimi ni Mkristo, tena wa kwaya, kwa hiyo ujue na mimi viatu vyangu viko mlango gani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la dini: mwanafunzi wa ushauri ameombwa dua na mama aliyefiwa, ameomba, na sasa anaogopa kuliandika kwa sababu aliambiwa dini haina nafasi chumbani. Mara ya pili niliona kidole chako juu ya simu. Unaniuliza kama ulikosea kuomba. Lakini hukusema dua yenyewe inakukosesha raha. Dakika ya 31 ndiyo unayoirudia. Ungekuwa na hakika kwamba dua ile ni sehemu ya kazi, ungeiacha simu iendelee? Na kama ungekuwa na hakika kwamba si sehemu ya kazi, ungeomba? Sikuulizi ili nikutie hatiani. Nadhani ulikuwa huna hakika na lolote kati ya hayo mawili, na hilo si ajabu kwa mtu ambaye somo lenyewe lilifutwa kwa kukosa wanafunzi.

Kwanza msimamizi. Hofu yake haikutoka hewani. Freud, ambaye mengi ya taaluma hii yalianzia kwake, aliiona dini kuwa njozi ya watu kujifariji, na vizazi vya walimu vikarithi tahadhari hiyo hata pale walipoliacha wazo lenyewe. Na huku kwetu tahadhari ina sababu ya karibu zaidi. Mwaka 2023 huko Shakahola, mwendo wa saa chache tu kutoka unapoishi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kanisa moja walioambiwa wafunge kula ili wakutane na Yesu. Mtu anayefundisha washauri Pwani baada ya hayo, akisikia neno "niombee" chumbani, moyo unaweza kumruka. Mteja aliyefiwa ni kama nyumba iliyoachwa wazi. Anayeingia akiwa amembeba Mungu mkononi haulizwi anaenda chumba gani.

Lakini historia ya kazi yetu ina upande wa pili, na sina hakika kama umesimuliwa. Carl Rogers, ambaye bila shaka ndiye aliyekufundisha kukaa kimya na kumpokea mteja bila masharti, alilelewa katika nyumba ya dini kali na akaanza kusomea uchungaji katika seminari moja ya New York. Baada ya miaka miwili alivuka barabara kwenda Chuo Kikuu cha Columbia kusomea saikolojia. Kuna wanaosema aliiacha dini. Mimi nikisoma anavyoeleza kumpokea mtu nasikia kitu alichovuka nacho barabara. Mwaka 1925 huko Massachusetts, mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili, aliwaingiza wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wajifunze kumsoma mwanadamu kama wanavyosoma maandiko. Na kwenu ni zamani zaidi: mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu, na akaeleza namna ya kuishughulikia kila moja. Baba yako maalimu angefurahi kusikia hilo likitajwa darasani.

Hata wakubwa wa taaluma wamelegea. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la 1994, uliingiza kifungu cha matatizo ya kidini au kiroho, kumaanisha mtu anaweza kuja na shida ya imani na asiitwe mgonjwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2009 chama cha washauri cha hukohuko kinachoshughulikia imani na maadili kilitoa orodha ya stadi 14 anazotakiwa kuwa nazo mshauri, na mojawapo ni kuchunguza imani yake mwenyewe na jinsi inavyogusa kazi yake. Sikupi haya yawe mawe ya kumrushia msimamizi. Nataka tu ujue kwamba swali lako halikuanza na ushungi wako.

Na ile kauli ya viatu, uliwahi kumuuliza alimaanisha nini? Mtu akivua viatu mlangoni hajavitupa. Anajua viko wapi, anajua ni vyake si vya jirani, na akitoka anavivaa. Huenda msimamizi alitaka mjue mmeviacha wapi. Huenda pia alimaanisha vilevile ulivyosikia, kwamba hataki kusikia habari za dini kabisa. Mpaka leo umekuwa ukijificha kutokana na sentensi moja ya siku ya kwanza, na hujui ina ukali gani.

Sasa twende kwa mama, maana ripoti, saa na saini vyote vipo kwa ajili yake.

Irudie barua yako, pale alipoanza kusimulia. Anachemsha chai, anageuka, anaiona helmeti, anasikia pikipiki inawaka. Anakata. Mikono inatetemeka. Halafu dua. Umeyaandika hayo kwa mpangilio huo kisha ukapita. Mimi nilisimama hapo. Mama alikuwa amefika kwenye kizingiti cha neno fulani, neno zito, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kimya ambacho, kwa maneno yako, kilikuwa "kirefu mno." Kirefu mno kwa nani? Inawezekana mliokimbilia dua mlikuwa wawili. Yeye alikimbia kile alichotaka kusema, nawe ukakimbia kukisikia. Na inawezekana pia nimekosea kabisa, kwamba alihitaji kushikwa mkono kwanza ndipo aweze kuvuka siku nyingine, na dua ilikuwa mkono huo. Mimi sikuwamo chumbani, na rekodi, kama ujuavyo, haipo.

Mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake, katika utafiti wa 1988, walieleza njia tatu ambazo watu wa dini hutumia wanapotatua shida: mtu kufanya peke yake kwa akili aliyopewa, mtu kufanya pamoja na Mungu, na mtu kumwachia Mungu yote. Hiyo ya tatu ilionekana kwenda sambamba na mtu kujiona hana uwezo. Ila usikimbilie kuihukumu. Kifo hakina cha kutatuliwa, na kwa jambo lisilo mikononi mwa binadamu, kuachia kunaweza kuwa ndiyo busara yenyewe. Ningependa kujua mama huyu ameachia nini. Akiwa amemwachia Mungu mwanawe, alhamdulillahi. Akiwa amemwachia Mungu ile asubuhi ili asiiseme kamwe, hapo bado ipo, na kila usiku anaishika kwa mkono anapotia komeo.

Jambo jingine. Kanisani aliambiwa asilie, akaja kwako. Kwako alianza kulia, akaombewa subira, sasa halii tena. Naogopa kidogo, na nisamehe kwa kulisema, kwamba bila kukusudia umekuwa mtu wa pili kumwambia anyamaze. Hali ya kuwa dini zetu zote mbili zimelia. Mtume wenu alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Wetu alilia alipofiwa na rafiki yake. Dua inaweza kuwa mahali pa kulilia. Sijui kama ile yenu iko hivyo.

Usidhani nakusema nikiwa na mikono safi. Miaka mingi nyuma, mzee mmoja mjane aliniomba tusali kabla ya kuanza. Nilikuwa nimetoka tu kufuzu, nimejaa kanuni, nikamjibu kwa upole wa kujifunza kitabuni kwamba kazi yetu hapa ni kuzungumza. Alisema, "Sawa, mwalimu." Tukazungumza dakika 50. Mwishoni akachukua kofia yake gotini, akanishukuru, sikumuona tena. Sikuandika hilo kwenye faili. Niliandika: mteja hakurudi.

Sasa njia zilizopo, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kunyamaza, kama anavyotaka mume wako, na kuziacha dua zife polepole. Namwelewa, yeye anahesabu karo na usiku ulizokesha. Lakini mama atahisi. Mtu aliyezoea "ile yetu" akiona umeanza kuikwepa atajiuliza amekukosea nini, na aliyefiwa hujibu swali hilo kwa kujilaumu. Halafu rekodi tatu zinazoanza kikao kikiwa kimeshaanza zinaonekana na yeyote mwenye masikio. Wasimamizi hujua zaidi ya wanavyosema.

Unaweza kuliandika wazi kwenye ripoti na kumkabidhi. Hapo utakuwa umesema kweli, ila msimamizi ataikuta kwenye karatasi, wiki ya kutia saini, na huenda akajibu kama mtu aliyeviziwa. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kazi hii Kenya ina bodi na usajili. Saini yake kwenye saa zako ni dhamana yake, kwa hiyo na yeye ana cha kupoteza.

Au unaweza kwenda kwake kabla ya ripoti. Ukichagua hiyo, nafikiri mlango unaoingilia una maana. Ukiingia na "Je, inaruhusiwa kuomba na mteja?" utapata jibu la kanuni. Ukiingia na "Nilizima simu dakika ya 31 na nataka unisaidie kuelewa kwa nini," umeleta kazi, na msimamizi ndiye anayelipwa kukusaidia na kazi kama hiyo. Hatari ipo: anaweza kukata saa, akakuagiza urudie vikao, akakuona dhaifu. Siwezi kukuahidi kwamba hatafanya hivyo. Kama unahisi si mtu wa kuaminika na jambo hili, uliza kama chuo chenu kina mratibu wa mafunzo ya vitendo au mhadhiri mwingine unayeweza kutangulia kwake. Lakini akija kujua kwamba wengine walijua kabla yake, nalo litakuwa gumu.

Yule mwenzako mlokole anayeomba na wote bila kuandika, mwache. Ila jiulize: anawaombea wateja walioomba kuombewa, au anawaombea tu? Mama wako aliomba mwenyewe, na alijua ushungi ule ni wa nani. Hilo ni tofauti kubwa, japo halimalizi maneno. Mteja akikaa mbele ya mshauri, hata "ndiyo" yake ina unyonge ndani yake, na ya kikao cha nne si lazima iwe bado hai kikao cha saba.

Kuna mazungumzo mengine ambayo hayahitaji kibali cha mtu, nayo ni yako na mama. Si ya kumwambia "hatuombi tena," wala si ya kuendelea kama kawaida. Akisema "tuanze na ile yetu," unaweza kumuuliza, simu ikiwa imewashwa kama alivyokubali: dua hii inakufanyia nini, mama? Kuna siku ungetaka iwe mwishoni badala ya mwanzoni? Kuna jambo ambalo hujamwambia hata Mungu? Anaweza kukasirika. Anaweza kucheka. Anaweza kukujibu kwamba dua ni dua tu, na uache maswali ya chuo, na pengine atakuwa na haki. Hapo pia utakuwa umejua kitu ambacho leo hujui.

Mwenyewe ningekuwa na wewe, ningetamani kujua jambo dogo tu. Helmeti iko wapi sasa? Bado anaiondoa kila usiku, au imehamishwa? Na kama bado iko msumarini, siku akiwa tayari, na wewe ukiwa tayari kukaa na kimya kirefu mno bila kukijaza: pikipiki ilipowaka nje, chai ikiwa jikoni, mama alitaka kuita nini, na kwa nini hakuita?